Fundi wa Sufuria Mbele ya Hakimu

Somo la wiki: Warumi 13:1–7 na Matendo ya Mitume 5:27–32



Wale mliokuwa kwenye kikao cha wazee na viongozi wa idara mwezi uliopita mnakumbuka vile tulivyogawanyika. Barua ilikuwa imeletwa kutoka ofisi moja ya serikali, ikisema kesha letu la hema lisimame mpaka tupate kibali na tupunguze sauti ya spika. Ndugu mmoja akasimama akasema hatuwezi kuomba ruhusa ya binadamu ili tumwabudu Mungu. Dada mmoja akamjibu na Warumi 13, kwamba serikali imewekwa na Mungu, kwa hivyo ikisema tufanye, tufanye. Yule ndugu akarudi na Matendo 5, Petro mbele ya baraza. Ikawa Biblia kwa Biblia. Mimi nilikaa pale nikimfikiria mtu aliyekufa zaidi ya miaka 300 iliyopita. Mchungaji aliponiuliza mbona nimenyamaza, nilisema namjua mtu aliyeingia jela na maandiko hayo yote mawili mkononi, asiache hata moja mlangoni. Akaniambia niandike. Ndiyo haya.

Mtu huyo ni John Bunyan. Wengi mnakijua kitabu chake, Safari ya Msafiri, hata kama jina la mwandishi limewatoka. Marehemu baba yangu alikuwa na nakala isiyo na jalada, na ndiyo iliyonifundisha kusoma Kiswahili kirefu. Lakini leo nataka kuwaeleza habari ya kesi yake, zaidi ya kitabu chake.

Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, Uingereza. Babake alikuwa fundi wa kuziba sufuria na birika, mtu wa kutembea mlango kwa mlango akitafuta kilichotoboka. Sisi tungemwita fundi wa jua kali. John akarithi kazi hiyo hiyo. Shule aliigusa tu: kusoma, kuandika, basi.

Sasa, ili tuielewe kesi, lazima tujue nyakati zake. Siku hizo Uingereza kanisa na serikali vilikuwa vimefungwa kamba moja. Mfalme ndiye aliyekuwa mkuu wa kanisa. Kukosa ibada ya parokia yako kulikuwa kosa la kupelekwa kortini. Mwaka 1642 mfalme na Bunge wakaingia vitani, na dini ilikuwa sehemu kubwa ya ugomvi huo. Mwaka 1644 Bunyan alimpoteza mamake na dadake katika muda wa wiki chache, na mwaka huo huo, akiwa na miaka 16, akaingia jeshi la Bunge. Siku moja alipangiwa kwenda kuuzingira mji fulani, mwenzake akaomba aende mahali pake. Mwenzake alipigwa risasi kichwani akiwa zamu, akafa. Bunyan hakuisahau siku hiyo maisha yake yote.

Mwaka 1649 upande wa Bunge ulimkata mfalme kichwa. Wengi wa waliofanya hivyo walikuwa watu wa maombi, watu wa Biblia. Kwa miaka 11 Uingereza haikuwa na mfalme, na wale waliokuwa wameonewa sasa ndio walioshika rungu. Jameni, walifanya nini? Walipiga marufuku Kitabu cha Sala, wakawafukuza makasisi wasiokubaliana nao, na Waquaker wakajazwa jela. Ndugu zetu Waanglikana wasisome habari hii wakadhani ninawasema wao peke yao. Kila aliyepata nguvu alitaka kumsukumia mwenzake ibada kwa askari.

Katika miaka hiyo Bunyan aliokoka. Alikuwa amemwoa msichana maskini kama yeye. Walianza nyumba bila hata sahani wala kijiko, ila bibi harusi alileta vitabu viwili vya dini alivyoachiwa na babake. Mtoto wao wa kwanza, Mary, alizaliwa kipofu. Siku moja Bunyan, akiwa Bedford kwa kazi yake ya sufuria, aliwapita akina mama watatu au wanne maskini wameketi mlangoni wakiota jua, wakizungumza habari ya kuzaliwa mara ya pili. Alikuwa mwepesi wa kubishana mambo ya dini, lakini hapo alisimama akasikiliza, akaona hajui kitu. Hao wakampeleka kwa mchungaji wao, John Gifford. Baada ya miaka ya kuhangaika rohoni Bunyan alipata amani, na kufikia 1656 tayari alikuwa anahubiri: ghalani, uwanjani, popote. Watu walikuja kwa mamia kumsikiliza fundi wa sufuria.

Mwaka 1658 mkewe alifariki, akamwachia watoto wanne wadogo. Mwaka uliofuata akaoa tena. Huyu wa pili aliitwa Elizabeth, na ningependa akina mama wa kanisa letu wamjue kwa jina.

Mei 1660 ufalme ukarudi. Charles wa Pili, mtoto wa yule aliyekatwa kichwa, akaketi kwenye kiti. Aliahidi uhuru wa dhamiri, lakini wakubwa wa wilaya waliokuwa wameonewa miaka yote ile hawakuwa na haraka ya kusamehe. Waliifufua sheria ya mwaka 1593, ya enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza: ukikataa ibada ya kanisa la serikali na kuhudhuria mikutano mingine ya ibada, utafungwa, ukikaa miezi mitatu bila kukubali, utafukuzwa nchini, ukirudi bila ruhusa, kitanzi.

Tarehe 12 Novemba 1660 Bunyan alikuwa ameitwa kuhubiri katika nyumba moja ya shambani, kijiji cha Lower Samsell. Alipofika, mwenye nyumba akamnong'oneza kwamba hati ya kumkamata imeshatolewa. Muda wa kutoroka ulikuwepo. Alitoka nje, akatembea uwanjani peke yake akifikiri. Akaona kwamba yeye ndiye aliyewahimiza wengine wawe na ujasiri. Akikimbia, waliookoka juzi watajifunza kukimbia. Akarudi ndani, akafungua kwa maombi. Askari akaingia. Walikuwa wamepewa habari kama kwamba ni genge linapanga kuangamiza nchi, kumbe waliwakuta watu wameshika Biblia tu.

Hakimu wa eneo, Francis Wingate, angemwachilia kwa dhamana. Lakini wadhamini walitakiwa kuahidi kwamba hatahubiri. Bunyan akawaambia wazi, mbele ya hao wadhamini waliokuja kumsaidia, kwamba dhamana hiyo ataivunja, maana hataacha kuhubiri. Wapendwa, angalieni hapo. Angeweza kutia sahihi, atoke, kisha aendelee kwa siri. Wengi wetu tungeita hiyo hekima. Yeye aliona ni kumdanganya hakimu na kuwaingiza marafiki hasara.

Akapelekwa jela ya Bedford. Januari 1661 akasimama mbele ya mahakimu, mkubwa wao Sir John Kelyng. Na hapa tuwe waaminifu: serikali ilikuwa na hofu, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwezi huo huo, London, kikundi cha waumini chini ya mtu aitwaye Thomas Venner kilitoka na silaha kutangaza kwamba Yesu ndiye mfalme na Charles si mfalme. Damu ikamwagika barabarani. Kwa macho ya mahakimu, kila kikundi kilichokutana nje ya kanisa la serikali kilikuwa Venner mwingine anayejificha. Bunyan alilipia dhambi ya watu wengine waliobeba Biblia mkono mmoja na upanga mkono wa pili. Hukumu: miezi mitatu ndani, asipobadilika, kufukuzwa nchini, akirudi, kunyongwa. Yeye akajibu kwamba akitolewa leo, kesho atahubiri.

Elizabeth alikuwa mjamzito wakati mumewe aliposhikwa. Mshtuko ulimshika, akaingia uchungu kabla ya wakati, akateseka siku nane, na mtoto akafa.

Miezi mitatu ilipofika, karani wa mahakama, Paul Cobb, alimtembelea jela. Mazungumzo yao ndiyo sababu ya mimi kuandika haya. Cobb hakuja na ukali. Alimsihi Bunyan atii sheria, akamkumbusha Warumi 13. Akamwonyesha pia uasi wa London, jinsi watu wanavyojificha nyuma ya dini. Bunyan akasema uasi ule anauchukia, na kwamba yuko tayari kumwonyesha mfalme utiifu wake kwa neno na kwa tendo. Cobb akasema basi, zungumza na jirani yako mmoja mmoja faraghani, kwa nini lazima ukusanye watu? Bunyan akamuuliza: kama ni halali kumfaa mmoja, mbona si halali wawili, na kama wawili, mbona si wanne na wanane? Akaongeza kwamba kama wanaogopa anachofundisha, yuko tayari kumpa yeyote maandishi ya mahubiri yake yote ayasome.

Halafu juu ya Warumi 13 akasema jambo ambalo nimelibeba miaka mingi. Alikubali kabisa kwamba mamlaka imewekwa na Mungu. Lakini akakumbusha kwamba Paulo aliyeandika hayo alifungwa mara nyingi na mamlaka hizo hizo, na Bwana wetu mwenyewe alisulubiwa chini ya Pilato. Hawakuwa waasi, wala hawakunyamaza. Basi, akasema, kuna njia mbili za kuitii sheria. Ya kwanza ni kufanya yale inayoagiza, pale dhamiri mbele za Mungu inaporuhusu. Ya pili, pale ambapo hawezi kufanya kwa sababu ya Mungu, ni kulala chini na kukubali atakachofanyiwa. Cobb alinyamaza. Bunyan akamshukuru kwa upole wake, na wakaachana kwa Bunyan kutamani wakutane mbinguni.

Hebu tukae hapo kidogo. Njia ya pili si kutoroka, si kurusha mawe, si kumlaani hakimu madhabahuni, wala si kuhonga. Ni kusema hapana kwa jambo moja, mchana, kwa jina lako, kisha kunyoosha mikono ifungwe. Anayekataa sheria hivyo bado anaiheshimu mahakama. Ndiyo maana naamini Bunyan hakuikana Warumi 13 alipoishika Matendo 5.

Aprili mfalme alipotawazwa, wafungwa wengi waliachiliwa, lakini Bunyan hakuhesabiwa. Elizabeth, ambaye sidhani alikuwa amewahi kutoka mbali na kijijini, akaenda London na ombi lake kwa wakubwa wa Bunge. Wakamrudisha kwa majaji. Agosti 1661 majaji wa kuzunguka walipokuja Bedford, alijaribu mara ya kwanza kwa Jaji Matthew Hale, akapokewa kwa upole lakini bila ahadi. Kesho yake akalitupa ombi ndani ya gari la farasi la jaji mwingine, Twisden, akafokewa. Mwishowe akaingia kwenye chumba cha hoteli ya Swan, majaji na mabwana wamejaa, akasimama akitetemeka. Akasema mumewe alihukumiwa bila kusikilizwa sawasawa. Akasema ana watoto wanne wadogo wasiojiweza, mmoja kipofu, nao wanaishi kwa msaada wa watu. Twisden akamuuliza kama mumewe ataacha kuhubiri. Angeweza kusema ndiyo akarudi naye nyumbani jioni hiyo. Akasema hataacha, maadamu anaweza kusema.

Hale alimhurumia. Lakini alimweleza kwamba hukumu imeshaandikwa. Yeye hawezi kuifuta. Njia zilizobaki ni tatu: kumwendea mfalme, kutafuta msamaha rasmi, au kuomba hukumu ipitiwe upya kwa kosa la kisheria, na hiyo ya mwisho ndiyo rahisi. Maskini mke wa fundi atatoa wapi pesa za mawakili? Elizabeth alitoka analia. Baadaye alisema hakulia sana kwa ugumu wa mioyo yao, bali kwa kufikiria hesabu watakayotoa Bwana atakapokuja. Nimemfikiria sana huyo Jaji Hale. Alikuwa mtu mcha Mungu. Lakini sheria ikiwa mbaya, hata hakimu mzuri mikono yake inafungwa. Kwa hivyo haitoshi kuombea waamuzi wazuri. Tuombee na wanaotunga sheria, na tujue wanatunga nini.

Hawakumfukuza nchini. Walimwacha tu ndani, karibu miaka 12. Mwanzoni mlinzi wa jela alimwamini, akawa anamruhusu kutoka. Mpaka London alifika. Ilipojulikana, mlinzi alikaribia kupoteza kazi, na Bunyan akabanwa. Sufuria hakuweza kuziba jela, kwa hivyo alijifunza kutengeneza kamba za kufungia nguo na viatu, akizitia ncha za bati, mamia kwa mamia, ziuzwe watoto wale. Aliandika kwamba kuachana na mkewe na watoto kulikuwa kama kunyofolewa nyama kwenye mifupa, hasa akimfikiria yule mtoto wake kipofu, atapigwa na baridi, atalala njaa. Aliogopa pia kitanzi. Aliogopa kwamba miguu itamtetemeka kwenye ngazi na kuaibisha Injili. Napenda kwamba hakuficha hofu hiyo. Kwa vitabu alikuwa na Biblia na kile kitabu kikubwa cha mashahidi cha Foxe. Mwaka 1664 sheria ikakazwa zaidi: watu watano au zaidi nje ya jamaa ya nyumba wakikutana kwa ibada isiyo ya kanisa la serikali, ni kosa. Fikirieni ushirika wenu wa nyumbani siku ya Jumatano. Watu watano wageni, na mnashikwa.

Mwaka 1672 mfalme Charles, kwa amri yake mwenyewe, akasimamisha sheria hizo. Bunyan akatoka. Na sikieni hili: msamaha wake rasmi ulipatikana kupitia orodha iliyoandaliwa na Waquaker, watu ambao yeye aliwahi kuwaandikia maneno makali kweli katika ubishi wa mafundisho. Walipokuwa wanawaombea wafungwa wao, wakayaingiza na majina ya wafungwa wa makanisa mengine, la Bunyan likiwemo. Aliyemwona amepotea ndiye aliyemfungulia mlango.

Kanisa la Bedford lilikuwa limeshamchagua mchungaji. Alipewa leseni ya serikali ya kuhubiri, na aliipokea. Ndiyo, Bunyan yule yule. Alikuwa amekataa sheria iliyomfunga mdomo. Karatasi ya kuonyesha ni nani anahubiri na wapi haikumsumbua. Lakini mwaka uliofuata Bunge likamlazimisha mfalme aondoe amri yake, na leseni zikawa hazina kinga. Baadaye Bunyan akafungwa tena, kama miezi sita. Uhuru uliotolewa kwa hisani ya mtu mmoja uliondoka jinsi ulivyokuja.

Mwaka 1678 Safari ya Msafiri ikachapishwa. Inaaminika aliianza akiwa jela. Mkiisoma tena, tazameni kesi ya Mwaminifu katika soko la Ubatili, na hakimu mwenye hasira na mashahidi wake. Aliyeandika kesi ile alikuwa ameshasimama kizimbani.

Mwaka 1685 hatari iliporudi, aliandika hati ya kumpa Elizabeth mali yake yote, ili akikamatwa tena mkewe asinyang'anywe nyumba. Mfalme mpya, James wa Pili, alianza kuwatafuta watu wa makanisa madogo awape vyeo kwa faida yake. Inasimuliwa kwamba mkubwa mmoja alikuja Bedford akamwita Bunyan, na Bunyan hakwenda. Jela haikumnyamazisha, na cheo nacho hakikumnunua.

Agosti 1688 alipanda farasi kwenda Reading kupatanisha baba na mwanawe waliokosana. Akarudi kupitia London katika mvua kubwa, akashikwa na homa, akafariki tarehe 31. Alizikwa Bunhill Fields. Miezi tisa hivi baadaye, Mei 1689, Bunge likapitisha sheria iliyowaruhusu watu kama yeye kuabudu bila kufungwa. Haikuwa kamili: Wakatoliki waliachwa nje, na wengine pia. Lakini sasa ilikuwa sheria.

Turudi kwenye barua yetu. Hapa Kenya, Katiba ya 2010, Kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa, na Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa kuabudu. Tunavichukulia kama hewa tu. Kuna watu waliozisuka kamba za viatu jela miaka 12 kabla dunia haijajifunza kuandika sheria kama hizo. Lakini hebu tujiulize bila kujipendelea: je, ofisi ile imetukataza kumhubiri Yesu? Hapana. Imesema jirani mwenye mtoto mchanga na mgonjwa wa presha hawalali. Tukiita hiyo mateso ya Injili, tunamkosea Bunyan, na tunamkosea Mary kipofu. Mtu aliyekuwa tayari kumpa serikali maandishi ya mahubiri yake yote asingekataa kupunguza spika.

Na baada ya Shakahola, mwaka 2023, ambapo zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, hatuwezi tena kusema serikali haina kazi yoyote kanisani. Mtu anayefia njaa kwa mafundisho ni raia, na sheria ina wajibu wa kumfikia. Jina la Mungu si ua la kuficha maiti. Wakati huo huo, kama siku moja tutaambiwa nani aokoke na nani asiokoke, au mahubiri yapitishwe ofisini kabla ya Jumapili, basi ndipo itabidi tuikumbuke ile njia ya pili. Tuwe tayari kusema hapana, kwa upole, na kulipa gharama wenyewe, si kuwatanguliza vijana barabarani.

Kwa sasa, wapendwa, kibali kimeombwa na fomu imejazwa. Spika mbili zitaelekea ndani. Yule ndugu aliyekataa kikaoni ndiye aliyejitolea kwenda kwa majirani, mlango kwa mlango, kuomba msamaha. Kesha litaendelea Ijumaa.

Tuombe wiki hii: kwa mahakimu na wabunge wetu, kwa waumini waliofungwa leo kwa ajili ya imani, na familia zao zinazolala njaa, na kwa dhamiri zetu, Bwana atupe macho ya kutofautisha msalaba na kiburi. Amina.